Mlango wa Pembeni

Mimi nauza mapazia. Nimeyauza katika masoko ya wiki, leo mji huu, kesho ule, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote, na watu wa masoko hayo nawajua nje na ndani. Kwa hiyo nikikuambia kwamba muuza plastiki alikuwa mshenzi, usidhani ni umbea wa kuokota njiani. Nilipanda gari lake msimu mzima, nikala naye meza moja, na ushenzi wake niliuona kwa macho haya mawili.

Nilijikuta mle kwa shida. Lori tulilozoea kupanda wauzaji wengi liliungua injini, kila mtu akajitafutia usafiri wake. Mimi nikaangukia kwa muuza plastiki. Alikuwa na gari dogo la mizigo, lile la mlango wa pembeni wa kusukuma, limejaa mabeseni, majagi na ndoo mpaka juu ya paa. Mbele alikaa yeye na dada yake. Mke wa muuza plastiki alimwita huyo dada "wifi", nasi wengine tukamwita Wifi hivyohivyo, maana sikuona sifa nyingine ya kumpa. Nyuma, tumebanwa na mabeseni, tulikaa mimi na mke.

Mke huyo ndiye ninayetaka kumsimulia. Masokoni alijulikana kwa jina la Ndoo, na jina hilo alipewa na mumewe kwa kipaza sauti.

Baba yake Ndoo alikuwa mlinzi wa geti la kinu cha unga. Alikulia kwenye kile chumba cha getini, akijua kutofautisha honi za malori hata kabla hajajua kusoma. Shuleni aliwashinda mbio wasichana wote, kisha wavulana, na zawadi waliyompa ilikuwa beseni la plastiki la bluu. Aliponisimulia hayo alinionyesha ukubwa wake kwa mikono, halafu akatazama mabeseni yaliyotuzunguka, tukacheka wote wawili. "Dada," akaniambia, "ningejua nitaishia humu, siku ile ningekimbia taratibu."

Alipokuwa mkubwa akapata kazi ya kupiga pasi katika kiwanda cha mashati. Asubuhi alikwenda kazini mbio, jioni akarudi mbio, si kwa kuchelewa bali kwa kupenda. Muuza plastiki alikuwa akipanga ndoo zake nje ya geti la kiwanda. Akamwona anapita, siku ya kwanza, ya pili, mpaka akamposa. Wengine huoa sura na wengine huoa tabia. Yule bwana alioa miguu.

Alivyoitumia hiyo miguu ni hivi. Kila tulipokaribia mji wenye soko, gari lilisimama pembeni ya barabara. Ndoo akashushwa, akavalishwa fulana yenye picha ya ndoo kifuani na mgongoni, kisha akatwikwa ndoo halisi kichwani, zimepachikwa moja ndani ya nyingine kama mnara. Akaambiwa kimbia. Gari likamfuata polepole, na mume akipiga kelele kwenye kipaza sauti: "Ndoo hii haipasuki, haivuji, haichoki! Mtazameni mke wangu! Ameolewa nazo, anazeeka nazo!" Watoto wakamfuata, vijana wa vijiweni wakapiga miluzi, kina mama wakatoka milangoni na mikono yenye sabuni. Kufika sokoni tayari tuna umati. Ndoo zikatoka kama maji.

Niliona aibu kwa niaba yake, nikamwuliza anavumiliaje. Akanijibu bila hasira. "Dada, mazoezi ya mbio ukiwa safarini ni taabu tupu. Leo umelala kitandani, kesho umejikunja kwenye mabeseni. Leo lami, kesho kokoto. Uwanja hakuna, na mume wangu haniruhusu kukimbia mbio zisizouza kitu. Basi hizi za kuuza ndizo zangu. Yeye anatangaza ndoo, mimi najenga pumzi."

Na kweli aliijenga. Kwenye nyumba za wageni, ikiwa kuna ngazi, alizipanda na kuzishuka mpaka mhudumu aje kuuliza kuna nini. Nyuma ya turubai letu sokoni, wateja wakipungua, aliruka papo hapo kwa mguu mmoja, kisha mwingine, huku akifunga vikombe kwa kamba. Mji mpya tukiingia, mimi natafuta choo kiko wapi, Wifi anatafuta nyama choma, yeye anatafuta mlima. Raba zake zilikuwa zimechanika ubavuni, akazishona kwa uzi wangu wa mapazia, uzi mwekundu.

Haya yote alikuwa na sababu nayo. Mji wa mwisho katika mzunguko wetu ulikuwa na klabu ya riadha ya watu wa reli, na kila mwaka klabu hiyo iliandaa mbio za barabarani. Wanawake watatu wa kwanza walichukuliwa na klabu: wanapewa kocha, kazi nyepesi kwenye ofisi za reli, na mahali pa kulala bwenini. Sharti, mtu awe hajafika miaka thelathini. Ndoo alikuwa na ishirini na tisa. Mwaka huo ulikuwa wa mwisho, na yeye alijua, na mimi nilijua, na hata mumewe alijua kwamba kuna mbio anazozitaka, ila alidhani anataka kombe. "Mwacheni," alisema, "akipata kombe tutalitundika kwenye gari."

Wifi hakuzipenda mbio hizo. Ndoo na mumewe hawakuwa wamejaliwa mtoto, na kwa Wifi ilikuwa lazima apatikane wa kulaumiwa. "Mtoto atakaa vipi kwenye tumbo linalorukaruka kutwa?" alisema, tena mezani, tena mbele ya watu. "Hata ningekuwa mimi ndiye mtoto, ningeomba kushuka." Halafu akacheka peke yake mpaka machozi. Ulimi hauna mfupa, lakini wa huyo mama nadhani ulikuwa na msumari. Ndoo aliendelea kula. Nikamtazama mumewe aseme neno. Akaomba chumvi.

Sasa nije kwenye mchezo wenyewe.

Soko likifungwa na mizigo ikishapakiwa, Ndoo alimwomba mumewe amruhusu atangulie kidogo barabarani, bila ndoo kichwani, akimbie mbio za kweli. Mume akakubali kwa sharti lake. Gari litamkuta mbele. Likimkuta, Wifi atasukuma mlango wa pembeni ufunguke, na gari litapunguza mwendo. Akikiwahi kishikio cha mlango, apande. Asipokiwahi, gari liondoke likamngoje mbele. "Mimi ndiye kocha wako," akasema, amejaa tabasamu. "Nakufundisha kumaliza kwa kasi."

Siku ya kwanza nikadhani ni mzaha. Tulimkuta kwenye mteremko, anakwenda vizuri, jasho limemlowa. Wifi akageuka kwenye kiti chake, akausukuma mlango. Reli yake ilikuwa na kutu, ukalia *krrrr* mpaka meno yakaniuma. Ndoo akaongeza mwendo, akanyoosha mkono, vidole vikakaribia kishikio, na mumewe akakanyaga mafuta. Gari likaruka mbele. Wifi akapiga makofi. Tukasimama kwenye kona, yule mwanamke akatufikia, mlango wazi, akanyoosha mkono, gari likaruka tena. Nikapiga kelele: "We bwana, simamisha gari! Mtu si mpira!"

Akanitazama kwenye kioo. "Mama Mapazia, ukichoka kukaa, nafasi ya kukimbia ipo."

Nikafyata ulimi, maana mzigo wangu wote ulikuwa juu ya paa lake.

Ikawa ndiyo desturi. Kila tulipotoka sokoni, mchezo ni huo. Wakati mwingine alimpandisha mara ya kwanza, wakati mwingine alimkimbiza mpaka mji mwingine unaonekana. Hakuna aliyejua itakuwaje siku hiyo, na hapo ndipo penye utamu wake kwa anayependa utamu wa aina hiyo. Ndoo hakulalamika. Alijifunza. Akajifunza kutosubiri kuuona mlango, bali kuusikia. Ile *krrrr* ikilia tu, kabla hajageuka, mkono wake wa kulia unakuwa umeshatoka na miguu imeshabadili mwendo. Akawa anakipata kishikio mara nyingi kuliko anavyokikosa. Anapanda, anaangukia kwenye mabeseni, anahema, macho yanang'aa. "Dada, umeona nilivyomaliza?" ananiuliza. Namwambia nimeona. Ningemwambia nini kingine?

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Taabu ya hayo niliiona siku moja kwenye mgahawa. Tulikuwa tumekaa tunakula, na duka la jirani likawa linafunguliwa. Mwenye duka akapandisha lango lake la bati, likalia *krrrr*. Ndoo alikuwa na kijiko mdomoni. Mkono wake wa kulia ukatoka pembeni, peke yake, vidole vimejikunja kushika, ukaipiga glasi ya Wifi, maji yakamwagika mapajani kwake.

Wifi aliruka, kisha akaelewa, na alipoelewa akasahau hata kulowana. Alicheka akashika mbavu. Akamwita mwenye duka: "Kaka, hebu lishushe tena! Hebu lipandishe!" Mwenye duka akafanya, na mkono wa Ndoo ukacheza tena, ingawa safari hii aliubana kwa mkono wa kushoto. Watu wa meza za jirani wakageuka. Ndoo mwenyewe akajaribu kucheka nao, uso umemwiva kwa haya. "Mkono una wazimu," akasema.

Mumewe peke yake hakucheka. Aliutazama ule mkono kama fundi anavyotazama kifaa kipya, akageuza jicho kwenye lango la bati, akarudi kwenye mkono. Kisha akaendelea kula. Wakati ule nilidhani labda moyo umemsuta. Mtu mzima mimi, na bado nilidhani hivyo.

Tulifika mji wa mwisho siku chache kabla ya mbio. Tukatandaza turubai letu, na siku hiyohiyo akaja mwanamke mnene mwenye filimbi shingoni, akitaka mabeseni ya kufulia ya bwenini. Alikuwa kocha wa klabu ya reli. Alikuwa amemwona Ndoo akiingia mjini na mnara wake wa ndoo, na alipofika kwenye turubai hakuangalia mabeseni, alimwangalia yeye.

"Wewe binti," akasema, "nani amekufundisha kukimbia kichwa kimetulia hivyo?"

"Ndoo, mama."

Mama Kocha akacheka kicheko kizuri. Akamzungusha, akamtazama vifundo vya miguu, akazitazama zile raba zenye uzi mwekundu. Akamwambia amekwishaona wote waliojiandikisha, na kwamba akikimbia kama alivyokimbia leo na kile kituko kichwani, atakuwa ndani ya watatu akiwa amelala. "Kitanda chako nitakitandika mwenyewe," akasema.

Mume alikuwa anayahesabu mabeseni. Akadakia: "Mchukue tu, mama, anakula sana huyu!" Watu wakacheka. Mama Kocha hakucheka. Akaendelea kumpa Ndoo maelekezo. Barabara haitafungwa yote, magari yatapita nusu ya pili, taratibu. Maji yatakuwa mezani, ayachukue hapo tu. "Usipokee kitu kwa mtu. Na usiguse gari la mtu yeyote, hata kwa kidole. Kuna mwanariadha aliwahi kushika gari la shemeji yake kwenye mlima, avutwe. Tangu siku hiyo sheria ni moja: anayegusa gari, ametoka. Hakuna rufaa."

"Sawa, mama," Ndoo akasema.

Muuza plastiki alikuwa hatua mbili kutoka pale, anafunga kamba kwenye mabeseni. Mikono yake ikasimama. Mimi niliona mikono ikisimama, na sikuambatanisha hili na lile. Akafunga fundo, akamkabidhi Mama Kocha mzigo wake, akamshukuru kwa heshima zote.

Jioni, tumekaa nje ya nyumba ya wageni, akamwuliza mkewe kama mtu anayeuliza habari za mvua.

"Yule mama alisema kitanda. Kitanda gani?"

"Cha bwenini. Wanaoshinda wanakaa klabuni."

"Kwa muda gani?"

"Wanakaa tu. Wanafanya kazi hapa."

"Na mimi?"

Ndoo alikuwa na tabia moja mbaya: hakujua kusema uongo. Angesema utakuja kunitembelea, angesema tutaona, angesema lolote ambalo mwanamke mwenye akili humwambia mwanamume asiyekuwa nayo. Yeye akamjibu ukweli.

"Ni kitanda cha mtu mmoja."

Wifi aliyekuwa anasuka nywele zake mwenyewe akaacha. Nikasubiri kofi, nikawa nimeshajiandaa kuingia katikati. Halikuja. Muuza plastiki akatikisa kichwa taratibu, akatabasamu, akampigapiga mkewe begani. "Basi kimbia vizuri," akasema. "Mimi ni kocha wako. Nitakuwepo."

Ndoo alipokuja kulala kwenye chumba chetu wanawake alikuwa anatetemeka kwa furaha. "Dada, ameniruhusu! Hakusema hapana!" Nikamwambia Mungu ni mkubwa. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na sisi wawili tulikuwa tunaikung'uta nguo nzima tukisema ni safi.

Asubuhi ya mbio nilikataa kupanda gari. Nilitaka kwenda kumwona kwa miguu yangu, kama watu wengine, nikasimama karibu na kituo cha mafuta, pale barabara inaponyooka kuelekea utepe wa kumalizia. Utepe wenyewe ungeuona ukiwa hapo. Kulikuwa na watu wengi, wenye mabenchi, wenye miavuli, wenye kubeba watoto mabegani. Waliotangulia wakatokea kwenye kona. Wa kwanza alikuwa msichana mrefu, mwembamba. Nyuma yake, si mbali, nikaiona raba yenye uzi mwekundu.

Nilikuwa sijawahi kumwona anakimbia bila kufukuza kitu au kuuza kitu. Siku hiyo alikimbia tu. Kichwa kimetulia kama kimebeba maji yasiyotakiwa kumwagika, mabega yameshuka, mdomo umefungwa. Aliyekuwa wa tatu alikuwa mbali nyuma yake, anajikongoja. Watu wakaanza kuulizana huyu ni nani, na mtu mmoja aliyekuwa sokoni akapaza sauti: "Si yule Ndoo!" Wakashika hilo. "Ndoo! Ndoo! Ndoo!" Kwa mara ya kwanza jina lile lilisikika kama jina la mtu. Nililia, na sioni haya kusema nililia.

Halafu nikaliona gari.

Lilikuja na magari mengine kwenye nusu yao ya barabara, mwendo wa pole, kama gari lolote lenye haki ya kupita. Ndoo zimefungwa juu ya paa. Lilipomkaribia likaacha mstari wake, likajisogeza, likajisogeza, mpaka likawa ubavuni kwake. Nyuma yao, msimamizi wa mbio aliyekuwa kwenye pikipiki akaanza kupungia mkono dereva aondoke. Mimi nikapiga kelele, lakini watu wote walikuwa wanapiga kelele. Nilimwona Wifi akigeuka kwenye kiti chake. Nilimwona akinyoosha mkono kwenye mlango wa pembeni.

*Krrrr.*

Ndoo hakugeuza hata shingo. Macho yake yalikuwa kwenye utepe. Naapa mbele ya Mungu wangu, yule mwanamke hakulitazama gari. Ni mkono. Mkono wa kulia ulitoka peke yake, ukaenda moja kwa moja kama mtu anayekijua kitanda chake gizani, na vidole vikakamata kishikio.

Gari halikuruka mbele. Mumewe alilishikilia palepale, mwendo uleule, ili kila mwenye macho aone.

Yeye ndiye aliyeachia. Alikitazama kile kishikio mkononi mwake kama mtu aliyeamshwa, akakitupa kama kaa la moto. Filimbi ya msimamizi ikalia. Pikipiki ikamfikia, bendera nyekundu ikashushwa mbele ya kifua chake. Na kwenye kipaza sauti, kilekile cha kuuzia, sauti ya mume ikasikika mpaka kituo cha mafuta: "Hongera, mke wangu! Nilikuja kukupa moyo!"

Hakusimama. Labda hakuamini, labda alidhani akifika utepeni mambo yatabadilika. Alikimbia mpaka mwisho, wa pili, na mstarini hakuna aliyemwekea mkono begani wala aliyemuuliza namba yake. Watu waliokuwa wakimwita jina walinyamaza mmoja mmoja. Mwanamke aliyekuwa wa tatu akafika, akafanywa wa pili. Wa nne akafika anatambaa, akafanywa wa tatu, akaangua kilio cha furaha.

Nikasukumana na watu mpaka nikamfikia, na Mama Kocha naye akaja. Ndoo akamshika nguo. "Mama, sikutaka. Mama, ni mkono. Waulize watu, ni mkono tu."

"Nimeona, mwanangu."

"Basi waambie."

"Sheria nilikutajia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nikikuruhusu wewe, yule wa nne nimwambie nini?" Alimfuta uso kwa ncha ya kanga yake mwenyewe. Hakusema habari za mwakani. Wote watatu tuliokuwa pale tulijua mwakani atakuwa na miaka mingapi. Kisha wakamwita akavishe medali, akaenda.

Tukabaki wawili, tumekaa kwenye ukingo wa barabara. Nikamwambia asirudi kwenye lile gari. Nikamwambia lori letu limetengenezwa, kesho linafika, aje kwangu, tuuze mapazia, tutakula tutakachopata. Nilisema kwa moyo wote na ningetimiza. Alinisikiliza huku ameuweka mkono wa kulia juu ya goti, umelala kifudifudi, anautazama.

"Nikija kwako, dada," akasema, "huu nitauacha wapi?"



Gari likaja. Likasimama mbali kidogo na tulipokaa. Mlango wa pembeni ukafunguliwa kwa kelele yake ileile, na mkono wa Ndoo ukaruka kwenye goti, ukarudi. Wifi alikuwa anatazama mbele, anatafuna kitu. Mume alikuwa ameshika usukani, hajageuka, hajasema neno kwenye kipaza sauti wala kwa mdomo. Nikangoja akanyage mafuta. Ndoo naye alingoja, nadhani, maana alikaa kitambo kirefu.

Halafu akainuka, akaanza kwenda. Hakukimbia. Alitembea kama mtu anayetoka kazini, raba zinaburuza. Nilihesabu kwamba akifika nusu wataondoka, ndipo nitamchukua kwa nguvu. Alifika nusu. Alifika mlangoni.

Gari halikuondoka. Siku hiyo lilimngoja mpaka akafika. Akapanda, akasogeza beseni moja apate pa kukaa, na mlango akaufunga mwenyewe.